Renji isiyo na tuta la maana isifunguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo limenikaa rohoni muda mrefu na sijaona mtu akiliandika, nalo ni hizi renji, yani viwanja vya kulengea shabaha, ambako walinzi wa makampuni, mgambo na raia wenye bastola za leseni wanaenda kufanya mazoezi. Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Tanga, mgambo nilipita nikiwa kijana, na kwa kazi yangu nimekuwa nikiitwa sehemu mbalimbali kutengeneza stendi za shabaha na vyuma vya kupigia, kwa hiyo haya ninayosema nimeyaona kwa macho na mengine nimeyashika kwa mkono.

Shida yenyewe iko hivi. Mtu akianzisha renji hela inaenda kwenye banda la kukalia, geti, viti vya plastiki, kontena la ofisi na bango kubwa la barabarani, alafu likija suala la tuta la nyuma, lile la kupokea risasi, anamwita mwenye tipa amwage kifusi safari kumi na tano basi imeisha hiyo. Stendi za shabaha ndo kabisa, fundi anaambiwa "wewe chomelea tu chochote kisimame". Sasa jamani, renji ni tuta. Banda hata lisipokuwepo watu watapiga wakiwa wamesimama chini ya mwembe na hakuna atakayeumia, ila tuta likiwa bovu anayeumia siyo aliyelipia mazoezi, ni mama anayechota maji kule nyuma ambaye hata hajui kama leo kuna mazoezi.

Wengi hawajui risasi inafika wapi. Ya bastola ya 9mm ikitoka kwa mshazari kwenda juu inaweza kufika karibu kilomita 2. Ile ndogo ya .22 ambayo watu wanaichukulia ya kuchezea inavuka kilomita moja na nusu. Ukija kwenye SMG, yani zile bunduki za aina ya AK-47, na raifo kubwa hapo unaongelea kilomita 2 na nusu, 3, mpaka 4 kwa baadhi. Kwa hiyo mtu akikwambia "nyuma ya tuta kuna pori tu" muulize pori hilo lina kilomita ngapi, na wanaoingia humo kukata kuni na kuchunga mbuzi ni akina nani.

Hebu tupige hesabu kidogo, siyo ngumu. Chukua tuta la mita 4, ambalo ukilitazama unaona kubwa kweli. Mpigaji amesimama mita 50 kutoka hapo, mtutu uko mita moja na nusu juu ya ardhi, kwa hiyo juu ya usawa wa mtutu zimebaki mita 2 na nusu tu. Ukiipima pembe hiyo kwa nyuzi unapata nyuzi 3 hazijatimia. Bastola ya kawaida ina urefu wa sentimita 18 hivi, maana yake mdomo wake ukinyanyuka hata sentimita moja haijafika, risasi imeshapita juu ya tuta inaenda zake. Sentimita moja! Mlinzi mgeni aliyeshtushwa na mlio wa mwenzake wa pembeni ananyanyua zaidi ya hapo na wala hatajua. Akirudi nyuma mpaka mita 100 ndo mbaya zaidi, zinabaki nyuzi moja na nusu tu. Wenzetu Marekani kwenye renji za kiraia wanashauriana tuta lisipungue futi 15, yani mita 4 na nusu, na nafasi ikiwepo lifike futi 20 ambazo ni mita 6. Mimi nimewahi kupima kwa tepu tuta lisilofika kimo cha mlango wa nyumba na watu walikuwa wanalitumia wala hawana wasiwasi.

Alafu kuna udongo wenyewe. Kifusi cha nyumba iliyobomolewa kina vipande vya zege, matofali, vigae, nondo zilizokatika, na risasi ikigonga kipande cha zege inapasuka au inadunda, inaweza kwenda pembeni, inaweza kwenda juu, inaweza ikarudi ilikotoka. Ndani kabisa ya tuta, kwenye kiini, kifusi kikae, sina ugomvi nacho, ila ule uso wa mbele unaopigwa unatakiwa usiwe na jiwe wala chuma kwa unene wa nusu mita au zaidi, udongo uliochekechwa. Nikisema uliochekechwa namaanisha hivyo hivyo, mnatega ule wavu wa kuchekechea mchanga wa plasta mnapitisha udongo kwa koleo, kazi ya vibarua siku kadhaa na haihitaji mtaalamu kutoka popote. Wengine wanapenda kuchukua machimbo ya kokoto yaliyoachwa, wanaona ukuta wa mwamba uko juu mita 10 wanafurahi, wanasema hili tuta tumepewa na Mungu. Ukuta wa mwamba siyo tuta. Mwamba unarudisha vipande. Kama machimbo ndo uliyonayo basi ujaze udongo mbele ya huo mwamba mpaka jiwe lisionekane, hapo sawa, utakuwa umepata sehemu nzuri kuliko wengi.

Udongo mzuri kwetu upo. Wa kichuguu hauna mawe, unashikamana, unasimama hata ukiuinua wima kiasi, ila kiangazi unakauka mpaka jembe linagoma na uso mgumu namna hiyo unadundisha. Mchanga wa mtoni wenyewe unameza risasi vizuri sana lakini hausimami, ukiumwaga mkavu unatulia kwenye nyuzi 30 na kitu, na mteremko ukishalala hivyo risasi inateleza juu yake inaruka. Kwa hiyo unavioanisha: kiini kinakuwa mfinyanzi au udongo wa kichuguu ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka, kila tabaka futi moja, unamwagia maji kidogo unashindilia ndo unapandisha lingine, alafu mbele unavisha mchanga uliochanganywa na udongo laini, huo ndo unaopokea risasi, na kila ukishuka unarudishia.

Mtu ataniambia gharama. Nakubali, ni gharama. Tuta la kimo cha mita 5, juu upana wa mita moja na nusu ili mtu aweze kutembea akilikagua, mbele limeinuka nyuzi 45 na nyuma limelala zaidi ya hapo, kwa urefu wa mita 20 tu linakula kyubiki mita 775 hivi. Kwa tipa la kyubiki 10 hizo ni safari karibu 80, na udongo ukishindiliwa unapungua kwa hiyo utaongeza. Ndo maana nikisikia mtu anasema alimwaga safari kumi na tano najua hapo hakuna tuta, kuna rundo. Lakini siyo lazima ununue udongo wote. Ukodishe kijiko siku chache, shusha sakafu ya renji yenyewe mita moja au zaidi, udongo unaotoka upandishe nyuma na pembeni, hapo mpigaji ameshuka na tuta limepanda kwa kazi moja. Uache tu mtaro maji yasije yakatuama, na kabla hujamwita mwenye kijiko ujue maji hayo yataelekea wapi, nitalirudia hili chini.

Mvua sasa. Sisi watu wa pwani tunajua masika yanavyofanya kwenye udongo uliomwagwa juzi. Maji yanachimba vijito kwenye uso wa tuta, yanakata kilele, udongo wote unashuka miguuni, na tuta lililojengwa mita 5 baada ya misimu miwili mitatu linaweza kuwa mita 4 au chini ya hapo na hakuna aliyepima kwa sababu kwa macho bado ni mlima. Na ule udongo ulioshuka unatengeneza mteremko mlalo kule chini, ambako ndo risasi nyingi zinagonga, yani unakuwa umepoteza kimo juu na umepata sehemu ya kurushia risasi chini. Panda nyasi. Vetiva inafaa sana, mizizi yake inashuka mita 3, panda mistari kwenye kilele na mgongoni kwa kufuata usawa, na mbele acha nyasi fupi za kawaida zishike udongo. Miti usipande kwenye tuta.

Magunia ya mchanga ni mazuri kwa dharura, kuziba sehemu iliyobomoka au kuinua kona, ila viroba vya plastiki hivi vya unga jua linavila, baada ya miezi kadhaa vinachanika mchanga wote chini. Matairi ndo siyapendi kabisa. Najua watu wanayapanga moja juu ya lingine wanajaza udongo, na kama yamejazwa kweli, yameshindiliwa na mbele yamefukiwa na udongo mnene, yanaweza kusaidia kushika tuta kwa nyuma. Lakini tairi tupu linaloonekana mbele linaweza kumrudishia mpigaji risasi, mpira unavuta alafu unatema. Juu ya hapo tairi lisilojazwa vizuri linashika maji na mbu anayeleta dengi anazaliana humo, na Dar walishaona dengi ya mwaka 2014 na ya 2019, hatuhitaji kujitengenezea mazalia sisi wenyewe. Kama mnataka kitu cha kushikilia udongo pembeni, yale mataruma ya zamani ya mbao ya reli ni bora mara mia, mradi yawe nyuma ya udongo na siyo mbele.

Na tuta likishajengwa bado lina kazi. Watu wakiwa wanalenga shabaha ile ile sehemu ile ile, risasi zinachimba shimo moja, mfuko kabisa, na ndani ya mfuko kunajaa vichwa vya risasi zilizopita. Risasi mpya ikiingia humo inagonga zile za zamani, chuma kwa chuma, vipande vinarudi. Ukiona mfuko wenye kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko tayari umechelewa. Unachambua, unatoa vichwa, unajaza udongo uliochekechwa, unashindilia. Mwenye renji asiyekuwa na reki, koleo na chekecheo stoo, mimi sielewi anaendeshaje renji.

Tuje kwenye stendi, hii ndo kazi yangu na hapa ndo ninapobishana na wateja. Mteja anataka stendi ya nondo au ya angolaini kwa sababu itadumu. Stendi ya shabaha haitakiwi kudumu jamani, inatakiwa ikipigwa ivunjike bila kumdhuru mtu. Nondo ni ya mviringo na ina meno, risasi ikiigusa ubavuni hakuna anayeweza kujua itageukia wapi. Mbao risasi inapita tu, inatoboa, inaendelea mpaka kwenye tuta, na mbao ikikatika unaweka nyingine ya bei ya chai na chapati. Wengine wanatumia rimu za gari zilizojazwa zege kama kitako cha stendi, kitako kizito kweli hakiangushwi na upepo, lakini rimu imekaa pale mbele wazi inamsubiri mlenga chini.

Nikiachiwa nifanye ninavyojua nafanya hivi. Miguu miwili ya papi, ile mbao ya mbili kwa mbili ya kupaulia, futi 6 kila mmoja. Ardhini nafukia vipande viwili vya bomba la plastiki la inchi 3, kila kimoja futi moja na nusu, mdomo wake uwe sawa na ardhi usijitokeze, chini yake natanguliza mchanga maji yanywee. Papi inaingia humo, ikikaza unapitisha randa kwenye kona zake. Hakuna chuma hata kimoja kinachotazamana na mpigaji. Jioni unachomoa miguu unaiweka stoo, mchwa hawaipati, na mdomo wa bomba unauziba na kifuniko mtu asije akatumbukiza mguu akateguka.

Juu inakaa fremu ya mbao nyembamba iliyotandikwa gunia la katani, limevutwa limekaza, limepigwa stepla pembeni. Kwa nini gunia? Plaiwudi inapasuka na kurusha vibanzi, boksi likinyeshewa linalegea linakunjika, ila gunia risasi inapita katikati ya nyuzi, nyuzi zinasogea tu, unabandika karatasi mpya juu ya ile ya jana na fremu inaendelea kuishi. Karatasi inabandikwa kwa uji wa ngano, hauhitaji gundi ya dukani: vijiko vitatu vya unga kwenye kikombe cha maji, koroga ungali wa baridi mpaka mabonge yaishe, weka motoni huku unakoroga mpaka uwe mzito na uanze kung'aa, ukipoa unapaka kwa brashi nyuma ya karatasi na juu ya gunia lenyewe, unabandika, unapitisha kiganja kutoka katikati kwenda pembeni hewa itoke. Ikikauka juani upepo wa bahari hauibandui. Katani imeletwa huku Tanga tangu mwaka 1893, sisi ndo watu wa mwisho kukosa gunia, sasa sielewi kwa nini renji zinaagiza vibao vya plastiki kutoka nje.

Mahali pa kuisimamisha stendi napo watu wanapakosea sana. Inatakiwa iwe karibu na tuta, mita 2 mpaka 5 kutoka miguuni pake, na katikati ya shabaha pawe usawa wa kifua kwa anayepiga amesimama. Nimeona renji ambako shabaha wanaiweka mita 10 mbele ya mpigaji, usawa wa goti, na tuta liko mita 40 nyuma ya shabaha. Mtutu uko mita moja na nusu, shabaha iko nusu mita, basi risasi iliyopiga katikati kabisa, ile ambayo mwalimu ataipigia makofi, itagusa ardhi mita 15 tu kutoka kwa mpigaji. Tuta bado liko mita 35 mbele. Kwa mshazari mdogo kama huo, na moramu iliyokauka, inaruka, na hapo sasa haijulikani itavuka tuta au la. Anayetaka kupiga kwa mita 10 asogee yeye, shabaha ibaki kwenye tuta. Sakafu nayo iokotwe mawe kila kabla ya mazoezi, hiyo kazi ya dakika chache walinzi wenyewe wanaweza kuifanya kwa mstari mmoja.

Vyuma vya kupigia, vile vinavyolia ukivigonga, hapo naomba wahusika wanisikilize vizuri kwa sababu ndo vinavyoumiza watu wengi usoni na miguuni. Chuma cha kawaida cha dukani kwangu, pleti ya kutengenezea mageti, ugumu wake kwa kipimo cha Brinell uko kwenye 120 au 150. Chuma kinachofaa kwa shabaha, ile wanaita AR500, kiko karibu 500. Tofauti yake unaiona baada ya siku moja ya kupiga. Chuma laini kinabonyea, kila risasi inaacha kishimo kidogo chenye kingo zilizoinuka, na risasi inayofuata ikiingia kwenye kishimo kile madini yake yanazunguka ndani kama kahawa iliyomiminwa kwa nguvu kwenye kikombe, yanatokea ukingo wa pili yanamrudia aliyepiga. Chuma kigumu chenye uso ulionyooka hakina kishimo, risasi inasambaratika bapa kwa pembeni. Kwa hiyo pleti yoyote yenye vishimo au iliyopinda itolewe, isigeuzwe upande wa pili ikaendelea kutumika, itolewe.

Na wenzangu mafundi, hii ni yetu. Pleti ngumu ukiikata kwa gesi au ukiichomelea moja kwa moja unaiua, moto unalainisha sehemu yote uliyopita na pembeni yake, na pale pale ndo patabonyea. Mteja akikuletea AR500 usimchomelee ndoano mgongoni hata akikubembeleza. Toboa tundu kwenye kona za juu kwa utaratibu huku unapooza na maji, pitisha bolti yenye kichwa cha mviringo, ning'iniza kwa mkanda wa mpira au mnyororo uliofichwa nyuma ya pleti, na uifunge ili uso wake uiname kuelekea chini nyuzi 15 mpaka 20. Ikiinama hivyo vipande vinaenda ardhini mbele yake badala ya usoni kwa watu. Pleti ya milimita 10 inatosha kwa bastola. Mashindano ya kimataifa ya bastola hayaruhusu kupiga chuma ukiwa chini ya mita 7, mimi kwa walinzi wanaojifunza nasema 10 na kuendelea, na kila aliyepo, hata anayetazama tu, avae miwani. SMG isielekezwe kwenye pleti kabisa, risasi zake nyingi zina kiini cha chuma ndani, zitaharibu pleti na zitarudi.

Lipo jingine ambalo ndo linanifanya nisilale, nalo ni watoto. Tuta la renji lina madini ya risasi, yani lead, ya kilo na kilo, na wavuvi na mafundi nyavu wanayahitaji kwa chubwi, kwa hiyo yana soko. Renji isiyo na uzio, mazoezi yakiisha Jumamosi, Jumapili asubuhi watoto wako kwenye tuta wanafukua vichwa na kuokota maganda ya shaba wapeleke kwa wa vyuma chakavu. Tunakumbuka mwaka 2017 kule Ngara, shule ya msingi Kihinga, mtoto aliokota bomu la mkono akidhani ni chuma chakavu, likalipuka shuleni, watoto wakafa. Kwenye tuta la renji hakuna bomu, sawa, ila kunaweza kuwa na risasi ambayo haikulipuka imedondoka pale kwenye mstari wa wapigaji. Na hata hiyo isipokuwepo, madini yenyewe ni sumu. Yanayeyuka kwenye nyuzi joto 327 tu, sufuria na mkaa vinatosha, na mtoto anayekaa pembeni anavuta vumbi lake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama. Majirani zetu wa Owino Uhuru pale Mombasa waliumizwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, wamehangaika mahakamani miaka na miaka, na mama aliyewapigania, Phyllis Omido, alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Sisi tusisubiri kufika huko.

Ndo maana nilisema maji ya mtaro yajulikane yanaelekea wapi. Yasielekee kisimani wala kwenye bustani ya mchicha. Udongo wenye asidi unayeyusha madini haya yakashuka na maji, kwa hiyo kila mwaka unamwaga chokaa kwenye uso wa tuta na miguuni pake, ile chokaa ya shamba ya kawaida, na chini ya mtaro unachimba bwawa dogo la kutulizia matope. Vichwa vichekechwe na watu wazima waliovaa barakoa na glavu, udongo ukiwa na unyevu vumbi lisipande, wanawe kabla ya kula, na mzigo uuzwe kwa anayejulikana anaupeleka wapi. Hapo hapo mwenye renji anarudisha hela ya chokaa.

Ninaloomba ni hili. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 imefanya kila mtu aulizie leseni ya bastola, hilo ni jema, sasa wanaotoa vibali na wanaokagua waje pia na tepu. Wapande juu ya tuta, wapime kimo pale palipo chini kuliko pote, wachome sululu kwenye uso sehemu kadhaa waone kama kuna zege, wahesabu vyuma vinavyoonekana ukisimama kwenye mstari wa kupigia, wazunguke nyuma waone nyumba ya kwanza iko umbali gani. Kazi ya asubuhi moja. Palipopungua pafungwe mpaka parekebishwe, hata kama mwenye renji ni mtu mkubwa. Na makampuni ya ulinzi, nyie ndo mnaolipa, kabla hamjapeleka walinzi wenu mtume mtu mmoja akaangalie hivyo hivyo, mkikuta stendi za nondo mkatae. Wenyeviti wa mitaa inayopakana na renji nao wapewe ratiba ya mazoezi na haki ya kwenda kuliona tuta, wananchi wao ndo wako nyuma yake.

Masika yanaanza mwezi wa tatu. Nyasi zinatakiwa ziwe zimeshachimbiwa mashimo na udongo wa kurudishia uwe umeshachekechwa umefunikwa turubai kabla ya hapo, kwa sababu mvua zikishaanza tipa haliingii na mtu atasema tusubiri mpaka mwezi wa sita, huku mazoezi yanaendelea kila Jumamosi.

Fundi wa kuchomelea,
Tanga